Damu ya Fizi ni Yowe, Tusiipuuze

(Mazungumzo na wakazi wa Kata ya Ringwani)



Nimeomba nafasi hii nizungumzie jambo tulilolizoea mno: kupiga mswaki na kutema mate yenye damu. Tunasukutua, tunasema mswaki ni mgumu, kisha tunaendelea na safari zetu. Kumbe damu ile ni yowe.

Katika damu ya kila mmoja wetu mna protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini, ambazo wataalamu huziita mfumo wa komplementi. Miongoni mwa waliouchunguza mwanzoni ni Mbelgiji Jules Bordet, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1919 kwa uvumbuzi wake kuhusu kinga ya mwili.

Protini hizo ni mfano wa sungusungu. Hutulia mpaka vijidudu viingie, ndipo moja huiamsha nyingine. Baadhi huvitia vijidudu alama ili vitambulikane, nyingine huziita chembe nyeupe za damu zije kuvimeza, na nyingine huvitoboa mpaka vife.

Sasa fikirini mwizi aliyejificha ghalani asitoke. Sungusungu watakesha hapo usiku baada ya usiku, na mwisho watavunja ua na kukanyaga bustani. Ndivyo inavyokuwa kinywani. Ukoga ukiachwa kwenye shina la jino, ulinzi haupumziki. Ufizi huvimba, huwa mwekundu na kutoka damu. Uvimbe ukiendelea, kwa baadhi ya watu mfupa unaoshika jino huanza kuliwa. Bakteria mmoja, Porphyromonas gingivalis, ana hila zaidi: huuvuruga mfumo huu ili asiuawe, huku uvimbe unaomlisha ukiendelea.

Mwaka 1986 Vibeke Baelum na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa Tanzania. Ukoga na uvimbe wa fizi vilikuwa vya kawaida, lakini sehemu kubwa ya uharibifu mkubwa ilikuwa kwa watu wachache. Kumbe uchafu peke yake hauamui yote. Namna mwili unavyoupokea nayo ina nguvu. Uvutaji wa tumbaku na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari. Kwa kuwa hakuna ajuaye kwa kujitazama tu kama yumo katika wachache hao, kila mmoja na ajilinde.

Watafiti wanatafuta njia ya kuwatuliza walinzi hao. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa inayozuia protini iitwayo C3. Ilidungwa katika fizi za wagonjwa, na uvimbe pamoja na utokaji wa damu vikapungua. Lakini sisi tusingoje dawa hiyo. Dawa iliyo mikononi mwetu ni kumtoa mwizi ghalani.

Tupige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, taratibu, tukifika pale jino linapokutana na ufizi. Mswaki wa mti nao unafaa ukitumiwa kwa uangalifu. Mahali panapotoka damu tusipakwepe. Ndipo penye ukoga. Uvimbe wa mwanzo hupona ukoga ukiondolewa, bali mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Ukoga uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe hautoki kwa mswaki. Huondolewa na mtaalamu.

Ndugu zangu, wengi wetu humwendea daktari wa meno siku jino linapotikisika, tukiomba ling'olewe. Damu ikiendelea kutoka kwa wiki mbili licha ya usafi, fika zahanati ya karibu uelekezwe kwa mtaalamu wa kinywa na meno. Mwenye kisukari na mama mjamzito wasingoje hata hizo wiki mbili.

Yowe likipigwa kijijini, hakuna anayejifunika blanketi akalala. Basi na hili la kinywani tuliitikie.