Semina ya dola 50: tunanunua nini?
Maneno tuliyosema mbele ya vijana na wazazi, Butembo



Asante kwa kuacha kazi zenu siku ya posho na kuja kutusikiliza. Tunaona humu ndani wanafunzi, wachuuzi, watu wa moto, na tunaona pia wazee wetu waliofundisha wengi kati yetu. Ni vizuri, juu habari ya leo inagusa wote.

Tangu miezi kadhaa mnatuuliza swali moja: "Ninyi vijana munasema nini juu ya zile semina za kwenda kuishi inje? Tulipe ao tusilipe?" Tulichelewa kujibu. Tulichelewa kwa sababu kati yetu kuko watatu waliolipa, na walisikia haya kusema. Sasa wamekubali tuseme. Ndiyo maana leo hatuwaletee uvumi. Tunawaletea yale tuliyoona na yale tuliyosoma.

Kwanza tuweke jambo moja wazi. Hatukuja kumwambia mtu abaki. Katiba ya nchi yetu, katika kifungu cha 30, inasema kila mtu ana haki ya kutembea, kukaa mahali anapotaka, kutoka katika nchi na kurudi. Mwenye kutaka kwenda, aende na amani. Tunachokataa ni mtu kuuza parseli ya familia juu ya karatasi ambayo haina kazi.

Tuliyoona ndani ya ukumbi

Kiingilio kilikuwa dola 50. Ukumbi wa hoteli, viti karibu 120, vyote vimejaa. Mfanyeni hesabu wenyewe: ni dola 6,000 kwa asubuhi moja. Saa ya kwanza ilikuwa picha: teluji, barabara, nyumba, kijana amesimama karibu na gari. Saa ya pili, maelezo juu ya Canada. Saa ya tatu, wakaanza kugawa fomu: dola 150 kwa "kuandikisha dosye", dola 300 kwa "kufuatilia dosye". Wakasema: "Nafasi ni kidogo, mwenye kulipa leo njo atatangulia."

Wawili kati ya wale watatu wetu walilipa yote. Dola 500 kila mtu. Mumoja alitoa pesa ya likelemba ya mama yake. Walipewa resi isiyokuwa na anwani wala jina la mtu. Kisha miezi miwili, simu haishikwe tena.

Tuwe wa haki. Ile saa ya pili haikuwa uongo wote. Walijifunza kwamba kuko jaribio la Kifaransa, kwamba umri unahesabiwa, kwamba diploma inapaswa kupimwa. Mambo hayo ni ya kweli. Swali letu ni hili: je, yalikuwa ya thamani ya dola 50? Na zile 450, zilinunua nini?

Maswali manne ya kupimia

Tuliketi pamoja, tukatafuta namna ya kupima semina yoyote, ikuwe ya Canada, ya Marekani ao ya Ulaya. Tukapata maswali manne.

La kwanza: wanachouza, kinapatikana bure? Kwa Canada, serikali yao imeandika masharti yote kwenye tovuti yake, na iko kwa Kifaransa, lugha tuliyosomea. Ule mpango unaoitwa Entrée express ulianza Januari 2015, na kufungua jina lako ndani yake hakulipishwe hata senti moja. Kuko hata kifaa cha kujihesabia pointi zako mwenyewe mbele ya kuanza. Mega za dola moja zinatosha kusoma jioni nzima.

La pili: anayesema mbele yenu ana ruhusa? Sheria ya Canada inasema mtu anayelipwa ili kushauri ao kushugulikia dosye ya uhamiaji anapaswa kuwa avoka wa kule, ao notaire wa Québec, ao mshauri aliyeandikwa katika chuo chao cha washauri wa uhamiaji. Orodha ya majina iko wazi kwenye intaneti. Unauliza: "Papa, namba yako ni gani?" Unaitafuta. Kama hayupo, huyo ni mchuuzi tu, hata kama amevaa kravati.

La tatu: semina ndiyo kitu chenyewe, ao ni mlango wa duka? Kama kila sentensi inaishia kwa fomu nyingine ya kulipa, basi hukulipa masomo. Ulilipa ili uuziwe.

La ine, na kwetu hili ndilo kubwa kupita yote: je, wanamwambia mtu "wewe haitawezekana"? Mwalimu wa kweli anakuambia ukweli hata kama unamkosesha pesa. Ndani ya ule ukumbi watu 120 wote walikuwa "na nafasi nzuri". Hakuna nchi hata moja duniani inayofanya hivyo.

Masharti yenyewe, bila sukari

Acha tuwaambie kidogo yale wasiyosema kwa sauti.

Kwa mfanyakazi anayetaka kupita Entrée express kama mtu wa ufundi kutoka inje, anahitaji angalau mwaka mmoja mzima wa kazi ya ujuzi yenye kulipwa, na aonyeshe karatasi za mwajiri. Hapa wengi wetu tunafanya kazi bila mkataba. Ndiyo ukuta wa kwanza huo. Jaribio la lugha, TEF Canada ao TCF Canada, ni la kulipa. Kupima diploma ni kulipa. Alama za vidole ni dola 85 za Canada kwa mtu mmoja, tena unapaswa kufika kwenye kituo: kwetu huku ni ndege ya Kinshasa, ao kupita Kasindi kwenda Kampala, na kulala kule.

Halafu kuko pesa ya kuonyesha kwamba utaishi kule mbele ya kupata kazi. Mwaka 2025 kwa mtu mmoja peke yake ilipita dola 15,000 za Canada, na haitakiwe kuwa deni. Malipo ya dosye ya ukaaji wa kudumu, mwaka 2024 yalifika dola 1,525 za Canada kwa mtu mzima mmoja. Dola za Canada ni ndogo kuliko zile za Marekani, lakini hata hivyo, nani humu ndani anaziweka chini ya godoro?

Kwa mwanafunzi, tangu Januari 2024 walipandisha pesa ya kuonyesha kutoka dola 10,000 kufika dola 20,635 za Canada, mbali na minerivali na tiketi. Baadaye ikapanda tena. Québec iko na hesabu yake na karatasi zake.

Kuko pia habari njema, na tunaisema. Tangu mwaka 2023 Canada inafanya mialiko ya pekee kwa watu wanaosema Kifaransa vizuri. Hiyo ni nafasi ya kweli kwa Mukongomani mwenye diploma, mwenye kazi ya karatasi, mwenye umri wa miaka 20 na kitu. Lakini angalia: kinachokusaidia ni Kifaransa chako na kazi yako. Semina haiwezi kukuongezea pointi hata moja.

Na bahati nasibu ya Marekani? Ile ilipangwa kwa visa zisizopita 55,000 kwa mwaka, dunia nzima, na kompyuta ilichagua bila kuangalia uso. Kwa miaka mingi kujiandikisha ilikuwa bure kabisa. Aliyekuuzia "namna ya kuongeza bahati" alikuuzia upepo.

Wazee wetu

Sasa tunageukia wababa na wamama. Tulishangaa kuona katika ukumbi ule watu wenye mvi. Mumoja ni mwalimu aliyetoka kazini, aliyefundisha hesabu kwa kizazi kizima hapa mujini. Aliambiwa: "Papa, utaenda kumalizia uzee kule, hospitali ni nzuri, utalipwa retrete." Akauliza bei. Akaanza kutafuta mnunuzi wa shamba lake la kahawa.

Tulienda kwake nyumbani, tukafungua simu, tukasoma naye. Canada haina visa ya wazee wa retrete. Haipo. Kwa pointi za Entrée express, kuanzia miaka 45 umri unakupa sifuri. Njia ya mzee ni mtoto wake: mtoto aliye raia ao mkaaji wa kudumu kule anaweza kumualika kwa visa ile kubwa ya wazazi, ambayo tangu 2022 inamruhusu mzazi kukaa hata miaka mitano kwa mara moja. Lakini mtoto anapaswa kuonyesha mshahara wa kutosha, na kuwe bima ya matunzo ya angalau dola 100,000 za Canada. Tena ile ni kutembelea. Siyo retrete.

Nchi zinazopokea wazee wa retrete ziko kweli. Panama inayo mpango huo, Costa Rica inao. Sharti lao? Uonyeshe pensheni ya dola 1,000 kila mwezi. Mwalimu wetu alicheka mpaka machozi yakatoka. Akasema: "Kama ningekuwa na dola elfu moja kila mwezi, ningeenda Panama kufanya nini? Ningebaki hapa, nimalize nyumba yangu."

Shamba lake liko bado. Hiyo ndiyo faida pekee tuliyoipata katika habari hii yote, na ilitoka katika mega za dola moja.

Basi, tulipe ao tusilipe?

Hatutasema kila semina ya kulipa ni wizi. Hapana. Masomo ya Kifaransa ya kujitayarisha kwa jaribio, na mwalimu unayemujua, na tarehe zilizoandikwa: hiyo inaweza kuwa na thamani, juu ukikosa visa Kifaransa kinabaki kwako. Mshauri mwenye namba ya kweli, anayekupa mkataba wenye sahihi, anayesoma dosye yako peke yako na kukuambia "ndiyo" ao "hapana": huyo naye kazi yake ni kazi. Na kama huna simu ya intaneti, mtu akuchapie masharti na kukuelezea kwa bei ndogo, si vibaya.

Lakini semina ya watu 120, bila jina, bila namba, inayoahidi wote, inayotaka pesa leo leo: hiyo thamani yake tunaijua. Ni kiti cha plastiki na chupa moja ya maji.

Kwa hiyo tunawaomba mambo machache.

Mbele ya kulipa, lala siku saba. Nafasi ya kweli haikimbie kwa usiku mmoja.

Usitoe diploma yako ya asili wala pasipoti yako mikononi mwa mtu wa semina. Fotokopi inatosha.

Uliza resi yenye jina kamili, anwani na kazi aliyoahidi kufanya. Akikataa, umeshapata jibu.

Wewe uliyekwisha kudanganywa, usikae kimya kwa sababu ya haya. Kuchukua mali ya mtu kwa ahadi ya uongo ni kosa katika sheria yetu, na parke inapaswa kupokea malalamiko. Mtu mumoja akienda peke yake anaweza kurudishwa mlangoni. Ishirini wenye resi mkononi ni vigumu kurudishwa. Tutakusanya majina ya wanaotaka, na tutaenda pamoja, mchana, kwa amani.

Na sisi wenyewe tunaahidi kitu: kila posho ya kwanza ya mwezi, saa ine ya asubuhi, tutaketi hapa hapa na simu zetu. Tutasoma masharti pamoja na yeyote anayetaka. Bila kiingilio. Tutakuambia tunachosoma, na tutakuambia pia ukituonyesha jambo tusilolielewa. Hatutashika dosye ya mtu wala pesa ya mtu.

Tumalizie. Kijana anayelipa dola 500 ili atoke katika nchi yake si mjinga. Amechoka. Amesoma, hana kazi, na usiku anasikia risasi. Anayemuuzia semina anajua uchovu huo na anaufanyia biashara. Tukimcheka kijana huyo, tunamsaidia mchuuzi. Tumkalishe, tumuulize anataka kwenda kufanya nini, tufungue naye ukurasa wenyewe. Akienda, aende akiwa na macho wazi na akimwachia mama yake pesa ya likelemba. Akibaki, abaki na parseli yake.

Sasa mikono juu, mwenye swali aulize. Tuanze na wamama.