Kamanda Hakuwepo: Ni Nani Anayejibu kwa Mateka Waliouawa?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakaaji wa kambi. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

Najua leo ni siku ya mgao na wengine mmetoka kwenye foleni moja kwa moja. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Swali nililoombwa kulijibu limeulizwa mara nyingi katika mikutano ya kambi. Huulizwa hivi: ndugu yetu alikamatwa akiwa hai, watu walimwona amefungwa kamba, kisha akauawa. Aliyemwua ni kijana ambaye hata jina lake halijulikani. Mkubwa wa kijana huyo alikuwa mbali, mjini. Je, huyo mkubwa atajibu kwa lipi, naye hakushika panga wala bunduki?

Jibu fupi ni kwamba anaweza kujibu, na wapo waliokwisha kujibu. Jibu refu lina masharti yake, na ni vizuri tuyafahamu, maana hapo ndipo kesi nyingi huponyoka.

Tuanze na huyo aliyekamatwa. Tarehe 12 Agosti 1949 mataifa yalikubaliana huko Geneva juu ya mikataba minne ya vita. Mkataba wa tatu unahusu mateka. Unasema askari aliyetupa silaha, au aliyejeruhiwa, au aliyekamatwa, kwake vita imekwisha. Akiulizwa, analazimika kutoa jina lake, cheo chake, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi tu. Apewe chakula na dawa, aandikishwe, aruhusiwe kuwapelekea jamaa zake habari. Haruhusiwi kupigwa ili aseme mengine, wala kutembezwa barabarani watu wamzomee.

Wengine mtasema: hayo ni ya vita kati ya nchi na nchi, kwetu walikuwa militia wa mlimani. Basi mjue kwamba mikataba yote minne ina kifungu kimoja kinachofanana, kifungu cha 3, kilichowekwa kwa ajili ya vita vya ndani ya nchi. Kinamkataza kila mpiganaji, awe wa serikali au wa msituni, kumwua, kumtesa, kumdhalilisha au kumhukumu bila mahakama mtu asiyepigana au aliyeacha kupigana. Raia aliyekamatwa shambani kwake anaingia humo humo. Kwa hiyo yule anayesema mateka ni adui tu na hana haki, hajui sheria, au anaijua na anaikimbia.

Sasa tuje kwa mkubwa. Kesi inayotajwa sana ni ya jenerali wa Japani, Tomoyuki Yamashita, aliyeongoza majeshi ya nchi yake huko Ufilipino tangu Oktoba 1944. Askari wake waliua mateka, na mapema mwaka 1945 waliua raia wengi mno katika mji wa Manila. Alipofikishwa mbele ya majenerali watano wa Kimarekani alisema hakuamuru mambo hayo, kwamba yeye alikuwa milimani na mawasiliano yalikatika. Hawakumkubalia. Walimhukumu tarehe 7 Desemba 1945 kwa sababu alishindwa kuwazuia watu wake, na alinyongwa Februari 1946. Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali hukumu hiyo, lakini majaji wawili walipinga kwa maneno makali. Waliona kwamba mtu amehukumiwa bila kuthibitishwa kuwa alijua. Kwa maoni yangu majaji wale wawili walikuwa na hoja, na sheria za leo zimewasikiliza.

Sheria ya leo iko katika Mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, ile ambayo wengi wenu mnaiita CPI. Kifungu cha 28 kinamwuliza kamanda maswali. Je, askari wale walikuwa chini ya amri yako kweli, kwa vitendo, siyo kwa cheo cha karatasi? Je, ulijua, au hali ilikuwa hivi kwamba ulipaswa kujua? Na je, ulifanya yaliyo ndani ya uwezo wako kuzuia, au kuadhibu, au kupeleka jambo kwa wenye kazi ya kuchunguza? Akishindwa yote, kutokuwepo kwake hakumwokoi.

Iko pia njia ya pili. Kamanda aliyepanga uovu wenyewe pamoja na wenzake hashtakiwi kwa kunyamaza tu. Anashtakiwa kama mtendaji, hata kama mikono iliyotenda ni ya watu wengine.

Mfano wa njia hiyo mnaujua, hasa ninyi mliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri. Bosco Ntaganda alikuwa naibu mkuu wa majeshi ya UPC, akishughulikia operesheni. Mwezi wa Februari 2003 askari wa UPC walishambulia vijiji vya Walendu-Djatsi. Wakubwa wa Kilendu waliitwa Sangi kwenye mkutano wa amani, na waliokuja walikamatwa. Watu wasiopungua 49 waliokuwa wamekamatwa, wanaume, wanawake na watoto, waliuawa kwa fimbo, visu na mapanga katika shamba la migomba huko Kobu, nyuma ya jengo lililoitwa Paradiso. Baadhi ya maiti zilikutwa zimefungwa mikono. Ntaganda hakuwa Kobu. Alikuwa Bunia.

Angalieni jinsi majaji walivyofika kwake. Walisikiliza kesi katika vikao 248. Walitazama madaftari ya ujumbe wa radio, ile mnayoiita foni, wakaona nani alimwarifu nani. Halafu wakapima maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili chetu. Operesheni ile iliitwa "Shika na mukono". Katika ile iliyotangulia, ya kule Mongbwalu mwishoni mwa 2002, askari waliambiwa wakafanye "kupiga na kuchaji". Anayekisikia Kiswahili cha Ituri hahitaji kamusi: wapigeni, wafukuzeni, na chochote mtakachokuta ni chenu. Mahakama ilikubali kwamba askari walielewa hivyo, na kwamba katika hicho "chochote" walihesabiwa hata wanawake. Kamanda huyo alidhani neno la kambini litabaki kambini. Lilitafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza na likasomwa mbele yake.

Kulikuwa na jambo la mikono yake mwenyewe pia. Pale Mongbwalu padri mmoja alikamatwa, akahojiwa katika kambi ya jeshi, na mahakama ilithibitisha kwamba Ntaganda ndiye aliyempiga risasi.

Alipatikana na hatia Julai 2019 kwa makosa 18, akafungwa miaka 30, na rufaa yake ikakataliwa Machi 2021. Msisahau kwamba hati ya kumkamata ilitolewa mwaka 2006, na baadaye aliishi Goma akiwa jenerali wa jeshi la taifa, watu wakimwona hotelini na uwanjani. Hakukamatwa. Mwezi wa Machi 2013 alijipeleka mwenyewe kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali, baada ya wenzake kugawanyika. Haki huchelewa kiasi hicho.

Mtu asiondoke hapa akisema nimechagua kabila. Februari ile ile ya 2003, kijiji cha Bogoro kilishambuliwa na wapiganaji wa Kilendu na Kingiti, na Wahema wengi wakauawa. Germain Katanga alihukumiwa kwa hilo mwaka 2014, miaka 12. Mwenzake Mathieu Ngudjolo aliachiliwa mwaka 2012 kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Na sasa kesi iliyowavunja watu moyo, ya Jean-Pierre Bemba. Mwaka 2002 alipeleka askari wake wa MLC Jamhuri ya Afrika ya Kati, nao waliua, walibaka na kupora. Mwaka 2016 alihukumiwa chini ya kifungu kile cha 28 na kupewa miaka 18. Juni 2018 majaji wa rufaa, watatu dhidi ya wawili, walimwachilia. Walisema majaji wa kwanza hawakuzingatia vya kutosha ugumu wa kamanda aliye nchi nyingine kuchunguza na kuadhibu askari walio mbali. Mwaka 2023 alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Kongo. Hakuna aliyesema kwamba wale wanawake hawakubakwa. Kilichoanguka ni kiungo kati ya kitendo na mkubwa.

Kiungo hicho ndicho mnachokibeba ninyi, mara nyingi bila kujua. Watu wengi wakiulizwa husimulia maiti, moto na kukimbia, na hayo ni kweli. Lakini maiti haisemi nani alikuwa na amri. Husaidia kukumbuka kama wale askari walivaa sare moja au mchanganyiko; walimwitaje mkubwa wao; nani alipokea simu au radio, na baada ya hapo nini kilitokea; mateka walikaa siku ngapi kabla ya kuuawa, maana kamanda asiyepata habari kwa saa moja ana udhuru ambao wa wiki mbili hana. Kama chifu au padri alikwenda kulalamika kwa kamanda, hilo ni kubwa kuliko yote: kuanzia saa ile hawezi kusema hakujua. Kama askari mmoja aliadhibiwa, kumbuka na hilo pia, hata kama halikufurahishi.

Usiongeze usichokiona. Ulichosikia kwa jirani, sema ni cha jirani. Shahidi aliyekamatwa katika uongo mmoja mdogo huwaangusha na wakweli waliokuja nyuma yake.

Tena nawasihi, msisimulie haya kisimani wala kwenye duka la pombe. Kambi ina masikio, na wapo humu waliokuwa upande wa pili. Wewe huna wajibu wa kumwambia mtu yeyote. Akija mgeni kutaka habari zako, mwombe kitambulisho, mwulize anafanya kazi na nani na jina lako litakwenda wapi, na una haki ya kukataa. Ushahidi hauuzwi wala haununuliwi. Nafasi ya kwenda nchi ya tatu siyo malipo ya kutoa ushahidi, na hakuna atakayekatiwa mgao kwa kukaa kimya. Anayekuambia vinginevyo na kutaka fedha, mlete kwetu jina lake.

Kwa vijana waliowahi kubeba silaha, nitasema wazi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 haumlindi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini alitenda uhalifu wa kivita. Amri ya mkubwa haifuti kosa la kumwua aliyefungwa kamba. Lakini kuwa askari peke yake siyo kosa hilo, na aliyechukuliwa akiwa mtoto ana hali yake tofauti. Kabla ya kujificha au kusema uongo kwenye usaili, njoo tuzungumze. Yanayosemwa katika ofisi ya ushauri wa sheria hayatoki nje ya mlango ule.

Wapo pia ambao ndugu zao walikamatwa na hadi leo hawajui kama ni hai au wamekufa. Hao wasingojee mahakama. Msalaba Mwekundu hutafuta waliopotea na hutembelea wafungwa, bila malipo. Njoo na jina kamili la mtu wako, majina ya baba na mama yake, mahali na tarehe alipoonekana mara ya mwisho, na nani alikuwa naye. Kama tarehe huikumbuki, sema ilikuwa kabla ya mavuno gani au baada ya sikukuu gani. Asiyejua kuandika ataandikiwa.