Omieri, Chatu wa Nyakach

Watu wengi wakisikia habari ya kuwahurumia wanyama humfikiria punda aliyetwikwa mzigo kupita nguvu zake, au ndama aliyetumbukia shimoni. Ni wachache wamfikiriao nyoka. Hata hivyo habari ya leo ni ya nyoka, nayo ilitukia si mbali na Kisumu, katika nchi ya Nyakach, upande wa Ziwa Victoria.

Tangu zamani watu wa Nyakach walimstahi chatu mkubwa waliyemwita Omieri. Wazee walisema kwamba akionekana, mvua itanyesha vizuri na mavuno yatakuwa mengi. Kwa hiyo hakuna aliyemwinulia panga. Mwaka 1987 moto ulishika vichaka, na Omieri akaungua vibaya. Mnyama ambaye mahali pengine angalimaliziwa kwa mawe alitafutiwa dawa, na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa wakajaribu kumtibu kama mgonjwa yeyote. Hakupona. Alipokufa, watu walimwombolezea.

Kumtibu nyoka aliyeungua ni kazi ngumu sana. Ngozi yake yenye magamba ndiyo izuiayo maji ya mwili yasipotee. Ikiungua, mwili hukauka, na vijidudu vya ugonjwa huingia kidondani. Tena nyoka hana joto lake mwenyewe kama ng'ombe au mtu, bali hulipata katika jua na ardhi, na vidonda vyake huchukua muda mrefu kupona. Zaidi ya hayo yote, hana sauti ya kulilia. Mbuzi akiungua hulia, na aliye mbali husikia akaja mbio. Chatu hujikunja tu akanyamaza, na mpita njia hudhani kwamba haumwi.

Labda mtu atauliza, mbona hakukimbia moto? Chatu si mwepesi wa kukimbia, hasa akiwa ameshiba, maana akimmeza mnyama mkubwa hulala siku nyingi mpaka chakula kisagike tumboni. Na jike mwenye mayai ndiye mzito zaidi kuondoka. Hutaga mayai 20, au hata 100, katika shimo lililoachwa na mnyama mwingine au katika kichuguu, kisha huyazungushia mwili wake na kuyalinda yapata miezi mitatu. Mtu achomaye kichaka ili kusafisha shamba lake huenda akamkuta mama katika kazi hiyo bila kujua.

Mwaka 2003 chatu mwingine alionekana katika kijiji cha Wasare, huko huko Nyakach, amejikunja juu ya mayai yake. Watu wakampa jina lile lile la Omieri, na habari zikaenea hata ng'ambo. Wageni wakamiminika kumtazama. Jambo hili lilikuwa na uzuri wake na ubaya wake, kwa maana mnyama alindaye mayai hapendi kuzungukwa na makundi ya watu. Wanaosogea karibu kwa mapenzi humsumbua kama wale wanaosogea kwa hasira.

Si haki, lakini, kumcheka mama wa kijijini anayeogopa. Chatu hana sumu, ila ana meno makali na nguvu nyingi. Huua kwa kubana, na mkubwa wao aweza kumkamata mbuzi, na hata mtoto mdogo yumo hatarini. Huruma isiyoijua hatari hii ni upumbavu. Basi watoto na wazuie, mbuzi wafungwe mbali, na asiwepo wa kumchokoza kwa fimbo. Kumpelekea kuku ili ashibe haifai pia, kwa sababu mnyama wa porini akizoea kulishwa huyafuata makao ya watu, na mwisho wake huwa kuuawa. Akiachwa katika kichaka chake huwala panya, nao panya ndio waharibifu wa mtama na mahindi ghalani.

Juu ya imani ya mvua, kila mtu na afikiri apendavyo. Wako wanaoiheshimu, na wako wanaoikataa kwa sababu ya dini zao. Lakini aliyeungua mwaka 1987 alikuwa mnyama mwenye maumivu, na maumivu hayo hayakungoja watu wapatane juu ya mvua.

Anayetaka kuchoma majani shambani yafaa azunguke kwanza, atazame vichuguu na mashimo, na asiwashe moto penye upepo. Akimkuta chatu, asimguse. Amwache njia wazi ya kuondoka. Akimkuta ameumia, asimmwagie mafuta wala dawa za kienyeji, wala asijaribu kumbeba. Na ampelekee habari chifu, au ofisi ya Shirika la Wanyamapori, ambalo maofisa wake wanafanya siku hizi kazi aliyoifanya Bwana Nyama wa zamani. Wakati wa kuwangoja, mtu mmoja mzima abaki kwa mbali kuwazuia watoto na mbwa.