Mabaki ya Vita: Maneno kwa Wazee na Walimu wa Bugene



Leo nataka kunena habari ya vitu viachwavyo na vita. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi yetu, na ndege zake zikatupa mabomu katika Mkoa huu. Kiwanja kimoja cha ndege hizo za vita kilikuwa Nakasongola, mashambani, kaskazini ya Kampala. Mwezi wa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilikusudia kuunguza Mwanza. Mabomu yake yakaanguka kisiwani Saanane, yakaua wanyama. Tarehe 11 Aprili Kampala ilitwaliwa, na Amin akakimbia.

Je, leo pana nini? Nakasongola ingali kituo cha jeshi la anga la Uganda, na karibu yake pana kiwanda cha risasi. Lakini Uganda sasa ni jirani tufanyaye naye biashara. Saanane ni hifadhi ya taifa. Nasi tushikapo barabara ya lami kutoka hapa Bugene twafika Kyaka, ambako adui alivunja daraja. Daraja limejengwa tena, bali kanisa lililobomolewa limeachwa gofu, ili watu wakumbuke.

Mabaki hayo yaonekana kwa macho, wala hayamdhuru mtu. Yako mengine yasiyoonekana, nayo ndiyo ya kuogopwa. Tarehe 8 Novemba 1967 haikuwa, wala si habari ya kale: ni 2017, katika shule ya Kihinga, wilaya ya Ngara, mtoto alileta chuma alichookota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Kumbe ni bomu. Likapasuka, watoto 5 wakafa na wengi wakajeruhiwa. Vita huisha kwa wakubwa kupatana, lakini chuma hakisikii habari ya amani.

Basi nawasihi mambo matatu. Mwalimu awafundishe watoto: chuma usichokijua usikiguse, usikipige, usikitupe motoni. Mkulima akigonga kitu kigeni kwa jembe, aache kazi, aweke alama kwa mbali, apeleke habari kwa mwenyekiti wa kijiji au polisi. Na anunuaye chuma chakavu asinunue kwa mtoto. Senti za chuma hazilingani na uhai wa mwana.