Familia Inaongezeka: Je, Tununue Gari la Haibridi?

(Hotuba ya ofisi ya maendeleo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeichapa hapa ili wale ambao hawakufika nao waisome na kuijadili katika vikundi vyao.)

 

Zamani mwanakikundi akiomba mkopo, ulikuwa wa ng'ombe wa maziwa, wa tangi la maji au wa karo. Siku hizi kuna maombi ya gari. Na gari linalotajwa sana ni la haibridi, kwa sababu watu wamesikia kwamba "halili mafuta." Hatuji hapa kuwacheka wanaoomba. Familia yenye watoto wanne, mtoto mchanga na nyanya ambaye hawezi tena kupanda bodaboda, hiyo ina shida ya kweli. Lakini mkopo wa gari ni mzito kuliko wa ng'ombe, na wadhamini wake ni nyinyi mnaoketi hapa. Gari likisimama, mkopo hausimami. Ndiyo maana tumeona tuzungumze mapema, kabla watu hawajatia sahihi.

1. HAIBRIDI NI NINI?

Ni gari lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na betri kubwa ya kuiendesha mota hiyo. Wengi wanadhani lazima lichomekwe kwa stima usiku kama simu. La. Yale mengi tunayoyaona barabarani, kama Toyota Prius na Toyota Aqua, hayachomekwi. Yanajazwa petroli kama gari lolote.

Akiba yake inatoka wapi? Ukikanyaga breki kwa gari la kawaida, ile nguvu ya mwendo inageuka kuwa joto na kupotea bure. Kwa haibridi, mota inageuka kuwa jenereta, inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwa betri. Halafu gari likisimama kwenye foleni, injini inazima. Likianza kutambaa pole pole, mota ndiyo inalisukuma. Kwa hivyo faida yake kubwa iko mahali pa kusimama na kuondoka, yaani mjini.

Prius ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 1997, kwa hivyo si mtambo wa jana. Serikali ya Marekani ilipima Prius za 2010 hadi 2015 ikapata takriban kilomita 21 kwa lita moja, na mjini zilifanya vizuri kidogo kuliko barabara kuu. Kwa gari la kawaida ni kinyume: mjini ndiko linakokunywa zaidi.

Lakini jihadharini na jina. Neno "hybrid" likibandikwa nyuma ya gari halina maana moja kila mahali. Nissan Serena ya S-Hybrid, iliyotoka 2012, ina viti 8 na familia kubwa huipenda. Ila mota yake ni ndogo, inaisaidia injini kidogo tu. Ukiinunua ukitegemea akiba kama ya Prius, utashangaa kituoni. Uliza hivi: "Mota peke yake inaweza kulisogeza gari hili?" Kama jibu ni hapana, usilipe pesa ya ziada kwa ajili ya jina.

2. PIGENI HESABU KABLA YA KUPENDA RANGI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari, mwandike kilomita ambazo familia itasafiri kwa mwezi. Andikeni safari za kweli: shuleni, sokoni, kliniki, mazishi na kanisani.

Tuchukue mfano. Tuseme gari la kawaida linaenda kilomita 13 kwa lita, na haibridi kilomita 20. Tuseme petroli ni shilingi 180 kwa lita, na haibridi imezidi lile la kawaida kwa shilingi 250,000.

Familia ya kwanza inaenda mjini kila siku, jumla kilomita 1,300 kwa mwezi. Gari la kawaida litakunywa lita 100, haibridi lita 65. Wanaokoa lita 35, yaani shilingi 6,300 kwa mwezi, au 75,600 kwa mwaka. Ile 250,000 ya ziada itarudi baada ya miaka mitatu na miezi michache. Hapo kuna maana.

Familia ya pili inatoka Jumamosi na Jumapili tu, kilomita 390 kwa mwezi. Gari la kawaida lita 30, haibridi lita 19 na nusu. Wanaokoa shilingi 1,890 kwa mwezi, au 22,680 kwa mwaka. Pesa yao itarudi baada ya miaka 11! Kabla ya hapo betri itakuwa imeomba kubadilishwa. Familia hii wakinunua haibridi, hawaokoi kitu. Pengine hata gari lenyewe hawalihitaji sasa. Kukodi la jirani siku ya haja kungewatosha.

Bei ya mafuta inatangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Mnamo Septemba 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita. Kwa hivyo fanyeni hesabu mara mbili, kwa bei ya leo na kwa bei ikipanda.

Mama na baba waifanye hesabu hii pamoja. Mara nyingi baba ndiye anayechagua gari, lakini pesa ya maziwa na mboga inayolipa mkopo ni ya mama. Anayelipa aulizwe.

3. VITI, WATOTO NA MIZIGO

Hesabuni vichwa, na muongeze atakayezaliwa. Prius ya kawaida na Aqua zina viti vitano, na kile cha katikati nyuma ni chembamba. Baba, mama, watoto watatu na nyanya ni watu sita. Tayari mmoja hana mkanda. Kumpakata mtoto si kumlinda: gari likigonga, hakuna mikono inayoweza kumshika.

Haibridi za viti saba zipo. Iko Prius Alpha iliyotoka 2011, lakini angalieni vizuri, kwa maana nyingine ni za viti vitano. Iko pia Toyota Sienta ya haibridi, iliyotoka 2015. Nendeni na familia nzima mkakae ndani, msinunue kwa picha ya simu. Mtu mzima akae safu ya tatu dakika kumi, aone kama magoti yatamruhusu. Kisha ulizeni: safu hiyo ikiwa na watu, gunia la mahindi litakaa wapi? Mara nyingi hakuna nafasi. Kama kazi ya gari ni kubeba mikebe ya maziwa na majani ya ng'ombe, hili si gari lenu.

Jambo lingine la watoto: haibridi huondoka kimya. Taa ya READY ikiwaka kwenye dashibodi, gari liko tayari kwenda hata kama husikii injini. Mtoto anayecheza nyuma yake hasikii chochote. Kabla ya kurudi nyuma uani, dereva ashuke azunguke gari, na watoto wahesabiwe.

4. BARABARA YENU INASEMAJE?

Prius na Aqua ziko chini. Kutoka ardhini hadi tumboni ni takriban sentimita 14, haifiki hata nusu ya rula ya shule. Nendeni na rula hiyo mpaka kwa ile mitaro ya barabara yenu, mpime mawe ya katikati. Wale wa udongo mweusi wanajua vile Aprili ilivyo. Gari likilazwa kwa jirani wa barabarani miezi mitatu kila mwaka, hiyo nayo iandikwe kwa daftari.

Kwa wanaoshuka mteremko mrefu, kama ule wa Mai Mahiu: betri ikijaa, mota haiwezi tena kupokea umeme wa breki. Prius na Aqua zina gia iliyoandikwa B. Itumieni kwenye mteremko, injini isaidie kushika gari ili breki zisichomeke.

5. BETRI: HAPA NDIPO WATU WANALIA

Betri kubwa huzeeka. Kuibadilisha kunaweza kufika au kupita laki moja, kulingana na gari na kama ni mpya au iliyotumika. Ulizeni bei hiyo kwa mafundi wawili au watatu kabla ya kununua, na muiweke kwenye hesabu kama karo ya mtoto anayekuja.

Betri ya Prius nyingi ni vipande 28 vilivyounganishwa. Kimoja kikifa, fundi anaweza kukubadilishia hicho kimoja kwa bei nafuu. Lakini vile 27 vilivyobaki ni vya umri mmoja na kilichokufa. Baada ya miezi michache mtarudi tena. Kama ni dharura, sawa, msidhani mmepona.

Kinachoua betri haraka ni joto, na joto linaletwa na vumbi. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari. Kwa Prius ya viti vitano tundu la hewa liko kando ya kiti cha nyuma. Kwa Aqua liko chini ya kiti cha nyuma. Kwa barabara zetu, vumbi, manyoya ya blanketi na maganda ya njugu huliziba. Mkiweka mfuko wa unga au shuka la mtoto hapo, mmeinyonga betri. Chujio la hapo lisafishwe kila gari likienda sabisi. Hii ni kazi ndogo inayookoa pesa nyingi.

Siku ya kulijaribu gari, msiridhike na kulizungusha uwanjani. Taa za onyo zinaweza kufutwa kwa kompyuta asubuhi, nanyi mkafika mchana mkakuta kila kitu kizuri. Liendesheni nusu saa au zaidi, mpande na mlima. Tazameni mchoro wa betri: ukijaa na kuisha upesi upesi, betri imechoka. Feni ikinguruma nyuma, na injini ikiwaka na kuzima ovyo gari likiwa limesimama, ni dalili nyingine. Kisha fundi wenu, si wa muuzaji, alipime kwa kompyuta.

6. KARATASI NA FUNDI

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo hata gari "jipya" kutoka bandarini Mombasa laweza kuwa na betri ya miaka saba. Na lililotumika hapa nchini laweza kuzidi hapo sana. Ombeni cheti cha ukaguzi wa Japani, mlinganishe kilomita zilizoandikwa na zile za dashibodi. Rekodi ya gari itafutwe eCitizen, mjue mwenyewe ni nani na kama gari lina deni la benki. Jina la kwenye logbuku na kitambulisho cha muuzaji viwe kitu kimoja.

Na fundi je? Nyaya za rangi ya machungwa zina umeme mkali. Betri ya Prius peke yake ni takriban volti 200. Huo unaua. Kijana wa jua kali ambaye hajafunzwa asizishike, hata kama ni hodari wa injini. Kama fundi wa haibridi aliye karibu yuko kilomita 80, nauli ya kuvuta gari ni sehemu ya bei yake.

KWA KUMALIZA

Haibridi ni gari zuri kwa familia inayosafiri sana, inayopita mjini, yenye barabara nzuri kiasi na fundi wa karibu. Kwa familia isiyo na hayo, gari la kawaida la mtumba, au kungoja mwaka mmoja mkiweka akiba, ni bora. Msione haya kungoja. Mtoto hatakumbuka kama mlinunua gari mwaka huu au ujao, lakini akifukuzwa shule kwa ajili ya karo atakumbuka.

Na nyinyi wadhamini, mtu akiwaletea fomu, mwambieni kwa upendo: "Ndugu, kwanza tuonyeshe daftari." Huko si kumzuia. Ni kumsaidia, na kujisaidia pia.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni familia ngapi zinazosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa mwezi?
2. Mtu akiomba mkopo wa gari, tunataka atuonyeshe nini kabla ya kumdhamini?
3. Je, kuna njia ya kusaidiana usafiri wa wagonjwa, wazee na watoto bila kila nyumba kununua gari?
4. Ni kijana yupi kati yetu tunayeweza kumlipia mafunzo ya ufundi wa magari ya haibridi, ili kazi hiyo isitoke nje ya kijiji?

 Nendeni salama, na mkifika nyumbani, daftari lifunguliwe.