Rundo Lisilosomwa: Mashine, Mawakili na Upitiaji wa Nyaraka za Kesi



Ibara ya 140 ya Katiba ya Kenya inaipa Mahakama ya Juu siku 14 za kusikiliza na kuamua shauri la kupinga uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 vituo vya kupigia kura nchini humo vilikuwa 46,229, na kila kituo kilikuwa na fomu yake ya matokeo, ile 34A ambayo siku hizi Mkenya wa kawaida anaitaja kama anavyotaja jina la mtaa wake. Tuchukue mtu mmoja tumpe dakika mbili kwa kila fomu: asome tarakimu, azijumlishe, atazame sahihi za mawakala, aiweke kando. Atahitaji zaidi ya saa 1,500. Asipolala wala kula, hizo ni siku 64. Na ndani ya zile 14 alizopewa, bado majibu yawasilishwe, hoja zisikilizwe na majaji wakubaliane.

Nimetaja fomu hizi ili tuone ukubwa wa shida, kisha niziache, maana kwa kweli ndizo nyaraka rahisi. Zinafanana. Tarakimu zinakaa mahali palepale, na ukiwa na watu 100 au kompyuta inayosoma picha, kazi inakuwa ya mpangilio tu. Kinachowatesa mawakili wa madai ya biashara, ya kazi na ya ardhi ni rundo la aina nyingine kabisa: barua pepe za miaka sita, madokezo, mihtasari ya vikao, ankara, rasimu saba za mkataba mmoja, ujumbe wa WhatsApp uliopigwa picha kisha ukachapishwa. Humo wakili anatafuta kitu ambacho hajui kimeandikwaje. Anajua hoja yake. Maneno ya mwenzake hayajui.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili una umri wa miaka 40. Mwaka 1985 David Blair na M. E. Maron walichapisha utafiti wao kuhusu kesi iliyotokana na ajali ya treni ya BART, katika eneo la Ghuba ya San Francisco, treni iliyoendeshwa na kompyuta iliposhindwa kusimama mwisho wa reli. Mawakili wa utetezi walikuwa na nyaraka zipatazo 40,000, kurasa takriban 350,000, zote zimeingizwa katika mfumo wa IBM ulioitwa STAIRS. Unaandika maneno, mfumo unakuletea kila waraka wenye maneno hayo. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ajabu. Mawakili walisema hawatatosheka wakipata chini ya robo tatu ya nyaraka zinazohusu kila swali. Wakatafuta, wakarudia, wakabadilisha maneno, mpaka wakasema basi, tumezipata.

Walikuwa wamepata asilimia 20.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa kuwa kosa hili tunaendelea kulifanya kila siku. Walicholetewa kilikuwa kizuri: karibu nyaraka nne kati ya kila tano zilihusu kweli. Ndiyo maana hawakushtuka. Wakili akiona mbele yake karatasi nzuri moja baada ya nyingine anaamini wavu wake umevua vizuri, na zile zilizobaki nyuma hazina mdomo wa kulalamika. Zilibaki kwa nini? Mawakili walitafuta neno ajali. Watu wa upande wa walioshtakiwa, katika barua zao wenyewe, hawakupenda kuandika ajali. Waliandika tukio la kusikitisha, hali ile, ugumu uliojitokeza. Hakuna aliyeficha waraka hata mmoja. Ni tabia ya binadamu tu, kwamba mwenye kosa hulitaja kosa lake kwa sauti ya chini.

Blair na Maron walijuaje kwamba ni asilimia 20? Hawakusoma kurasa zote 350,000. Walichota sampuli katika rundo ambalo mfumo haukulileta, wakawapa mawakili walewale wazisome na kusema zipi zinahusu, kisha wakakadiria kilichobaki humo. Mpishi hanywi sufuria nzima ili ajue chumvi. Anaonja kijiko kimoja, ila lazima akoroge kwanza. Kukoroga kwetu ni bahati nasibu: kila waraka uwe na nafasi sawa ya kuchotwa, pasiwe na mkono wa wakili unaochagua folda za kuonja.

Hoja yangu ya jioni hii imo katika sampuli ile. Tunapozungumzia kompyuta mahakamani tunauliza kama ni ya haraka, na wanaoiogopa wanauliza kama inaaminika. Maswali yote mawili yanaukwepa ukweli kwamba sisi wenyewe, kwa macho yetu na miwani yetu, hatujawahi kupimwa. Nani amewahi kuchota sampuli katika jalada ambalo wakili kijana alipewa Ijumaa jioni apitie hadi Jumatatu?

Wamarekani wamewahi kuchota. Kampuni ya Verizon ilipokuwa ikiinunua MCI, serikali ilidai nyaraka. Mawakili 225 walifanya kazi kwa muda wa miezi minne hivi, na gharama ikapita dola milioni 13. Baadaye Herbert Roitblat, Anne Kershaw na Patrick Oot walichukua sampuli ya nyaraka 5,000 kutoka kazi hiyo, wakazipa timu mbili mpya zisome upya bila kujua wa kwanza walisema nini. Taarifa yao ya 2010 inapaswa kusomwa na kila mwanafunzi wa sheria. Timu zilipishana na wale wa mwanzo, na zikapishana zenyewe kwa zenyewe, kiasi kwamba mifumo ya kompyuta iliyojaribiwa kando yao haikuwa mbali zaidi na kazi ya awali kuliko binadamu walivyokuwa. Mawakili wanaotoza kwa saa watanisamehe, lakini dola milioni 13 hazikununua uhakika.

Mashine zilizofuata hazitafuti maneno tu. Wakili mzoefu, anayeijua kesi hasa, anasoma nyaraka mia kadhaa na kuamua: hii inahusu, hii haihusu, hii ni siri ya wakili na mteja. Programu inatazama maamuzi yake, inajifunza ni mchanganyiko gani wa maneno, watu na tarehe unaoambatana na ndiyo, kisha inalipanga rundo lote upya ili zenye dalili zije juu. Anasoma zilizo juu, anaisahihisha, inapanga tena. Mwaka 2011 Maura Grossman na Gordon Cormack walionyesha kwamba kwa njia ya aina hii watu walihitaji kusoma kwa wastani asilimia 1.9 ya nyaraka, na matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya kusoma zote. Katika baadhi ya vipimo yalikuwa bora. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Februari 2012, Hakimu Andrew Peck wa New York akaandika uamuzi wa kwanza wa mahakama ya Marekani kuikubali njia hiyo, katika kesi ya Da Silva Moore, wanawake waliolalamikia ubaguzi katika kampuni za kundi la Publicis. Barua pepe zilizidi milioni tatu. Uingereza ilifuata Februari 2016, katika kesi ya Pyrrho, nayo ikiwa na nyaraka zaidi ya milioni tatu.

Kitu kimoja kidogo katika kesi ya New York kinanivutia kuliko uamuzi wenyewe. Pande zote mbili zilizungumzia namba 2,399. Ndiyo idadi ya nyaraka za bahati nasibu zilizohitajika ili makadirio yawe na uhakika wa asilimia 95, yakipungua au kuzidi kwa asilimia mbili. Milioni tatu, na kijiko ni 2,399. Walibishana, tena sana, lakini walibishana juu ya kipimo. Kwetu bado tunabishana juu ya nia ya wakili.

Siku hizi zimekuja programu za akili mnemba ambazo hazingoji kufundishwa nyaraka mia kadhaa. Unaziambia kwa maneno ya kawaida unachotafuta, zinasoma na kukupa sababu zake. Ni za haraka zaidi, na hatari yake mpya ni kwamba zinaeleza vizuri hata zinapokosea. Mawakili wa kesi ya Mata dhidi ya Avianca, waliotozwa faini ya dola 5,000 huko New York mwaka 2023 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwapo, walidanganywa na ufasaha. Kwenye upitiaji wa nyaraka hatari ni nyingine kidogo, kwa kuwa waraka upo, unaweza kuufungua ukausoma. Ila ufasaha wa maelezo haukuonyeshi kilichoachwa nyuma. Kijiko bado kinahitajika.

Sasa turudi nyumbani.

Tangu sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama za Tanzania. Nililifurahia jambo hilo na bado nalifurahia. Lakini fungua jalada la mgogoro wowote wa biashara hapa mjini. Mkataba ni wa Kiingereza. Barua pepe za mameneja ni Kiingereza kilichochanganywa. Makubaliano yenyewe, yale yaliyoufanya mkataba uende au ukwame, yako kwenye simu, kwa Kiswahili cha kukatakata: "mzee mzigo umetoka", "poa ntakucheki", "ile ya jamaa vp". Mashine iliyolelewa kwa Kiingereza inafanya nini hapo?

Kwanza inakwama kwenye sarufi. Programu nyingi za kutafuta hukata mwisho wa neno ili kufikia shina, kwa sababu Kiingereza hubadilika zaidi mwishoni. Chetu kinabadilika mbele, katikati na mwisho kwa pamoja. Wakili akiandika "lipa", programu ya namna hiyo haitamletea "sijakulipa", wala "walishalipwa", wala "tulipane kesho", wala "malipo". Katika kesi ya deni hilo ndilo jalada zima. Halafu kuna majina. Mtu mmoja ni Mohamed kwenye hati ya kiwanja, Muhammad kwenye kitambulisho, na Mudi kwenye simu ya shahidi.

Kisha inakwama pale walipokwama mawakili wa BART. Tafuta neno rushwa katika simu za watu wanaotuhumiwa rushwa, uone utapata nini. Utapata chai. Utapata soda, kitu kidogo, ya maji, ya wakubwa. Na nyingi ya chai utakazozipata ni chai kweli, ya maziwa, ya saa nne asubuhi. Karani aliyekulia Kariakoo anatofautisha bila kufikiri: chai inayotajwa siku moja kabla ya zabuni kufunguliwa, na mtu asiyekunywa chai na yule anayemwandikia, haina sukari. Mashine inaweza kufundishwa jambo hilo, kwa sababu inaona tarehe na inaona nani anamwandikia nani. Lakini lazima karani yule akae mbele yake na kuifundisha. Kwa hiyo wanaoniuliza kama vijana wetu watakosa kazi, nawajibu kwamba watakaokosa ni wa kusoma bila kuamua. Ofisi itakayomweka kijana anayejua Kiswahili cha mtaani na takwimu kidogo itamshinda jirani mwenye wasomaji 20.

Hilo lina sharti lake, kwamba nyaraka za mteja zisitoke nje ovyo. Nimeona mawakili wakinakili maelezo ya mashahidi na kuyabandika katika programu za bure za mtandaoni. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kabla ya hizo zote wakili ana wajibu wa siri. Ukiharakisha kwa njia hiyo umemharakishia mpinzani.

Kwa waheshimiwa majaji nina ombi. Mkitoa mwongozo, na nadhani wakati umefika, msishughulike na majina ya programu. Zitakuwa zimebadilika kabla wino haujakauka. Mtakeni anayetumia mashine aseme anaitumia. Mtakeni achote sampuli katika rundo alilolitupa, auonyeshe upande wa pili ni ngapi alizichota na alikuta nini. Mtakeni hivyo hivyo anayesoma kwa macho, maana sioni kwa nini asamehewe. Na waraka wa siri ukiponyoka kwa bahati mbaya katika maelfu, uruhusiwe kurudishwa. Wamarekani waliliweka hilo katika kanuni zao za ushahidi mwaka 2008, na bila hilo hakuna wakili mwenye akili atakayekubali kwenda haraka.

Kwa chuo chetu nina ombi la gharama zaidi. Baada ya kampuni ya Enron kuanguka mwaka 2001, mdhibiti wa nishati wa Marekani alizitoa hadharani barua pepe za wafanyakazi wake wapatao 150, takriban nusu milioni. Kwa miaka mingi zimekuwa uwanja wa mazoezi wa fani hii. Hata vipimo vya Grossman na Cormack vilitumia barua pepe hizo. Kiswahili hakina uwanja wa namna hiyo. Hukumu zilizomo katika hifadhi za mtandaoni za TanzLII na Kenya Law ni hazina, lakini hukumu imeshapigwa pasi. Tunahitaji maandishi machafu: barua, ujumbe, madokezo ya kesi zilizokwisha, majina yakiwa yameondolewa, wenyewe wakiwa wameridhia. Idara ya sheria ina wanafunzi wanaoweza kusema kipi kinahusu na kipi hakihusu, idara ya kompyuta ina wanaoweza kujenga, idara ya Kiswahili ina wanaojua chai ipi ni chai. Bajeti niliyoiandaa ni ya miaka mitatu na nimeikabidhi kwa Makamu Mkuu wa Chuo kabla hatujaingia ukumbini, ili asipate nafasi ya kuisoma kabla sijamaliza.