Elimu ya Udongo na Ngoro za Wamatengo



Twaomba ruhusa kusema machache. Wako makarani wenzetu wadhanio ya kuwa mtoto aliyefaulu mitihani, akipelekwa kusomea kilimo, ameaibishwa. Maana jembe limo nyumbani kwa bibi yake. Nasi tuliwahi kumshauri kijana mmoja hivyo, tukakosa.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa Morogoro mwaka 1984. Katika miaka ya 1990 wataalamu wake, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walipanda milima ya jirani zetu Wamatengo, wajifunze ngoro. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari yenye kukatana, mfano wa miraba. Wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuyafunika kwa udongo. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni, udongo hauporomoki; na majani yakioza huwa mbolea ya maharagwe na mahindi.

Basi, ikiwa wataalamu walikwenda kwa bibi, tumwonee haya mtoto aendaye kwa wataalamu? Bibi ajua ya kuwa ngoro hushika udongo. Chuo hupima kiasi chake na kueleza sababu. Elimu hizi mbili zahitajiana.

Kwa hiyo kijana wa Liparamba akituletea fomu ya Morogoro, tumsaidie kuijaza. Lakini kwanza alime msimu mmoja na bibi yake, apate la kuwauliza walimu.